Kijana Anayengojwa

John Mbiti alizaliwa Mulango, si mbali na mji wa Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance, Makerere na Cambridge, akafundisha Makerere, akahamia Uswisi, na kabla ya kufariki mwaka 2019 alikuwa amewatafsiria Wakamba wenzake Agano Jipya. Kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, kinasomwa vyuoni kote duniani. Hata hivyo, miaka yote niliyofundisha useremala na kusimamia miradi ya vijana, kwanza upande wa Mutomo na Ikutha, baadaye Makueni karibu na mto Kaiti, sikusikia jina lake likitajwa katika semina hata moja. Tulifundishwa nadharia za kila aina kuhusu vijana walio hatarini, chai ya saa nne ikanyweka, posho ikatiwa sahihi, lakini mwana wa Mulango hakuwa na kiti mle ukumbini.

Nilimsoma katika nakala niliyoazima kwa padri wa parokia. Mambo mawili yalinishika. La kwanza ni kwamba mtu hawi mtu peke yake: nafsi yake imo ndani ya jamaa zake, walio hai na waliotangulia, na heshima yake au aibu yake ni yao pia. La pili ni habari ya wakati. Mbiti alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ni matukio. Kuna Zamani isiyo na mwisho, kuna Sasa, lakini ukivuka miezi michache mbele hakuna wakati kamili, kwa kuwa huko halijatukia jambo. Wanafalsafa wengine walimpinga, Kwame Gyekye wa Ghana akiwa mmoja wao, na kuhusu Waafrika kwa jumla naona walikuwa na haki. Waliochimba matuta kwenye milima ya Ukambani walikuwa wakiwafikiria wajukuu. Ila karakana yangu ilijaa vijana ambao kwao kesho ilikuwa fupi hasa kama Mbiti alivyosema. Uafrika wao haukuhusika. Mvua ndiyo iliyohusika.

Kitui na Makueni huishi kwa mvua za kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba. Zikikosa msimu mmoja, watu hukaza mkanda. Zikikosa tena, mbuzi huuzwa, na mbuzi wakiisha zinauzwa siku za shule. Mvulana anashuka mtoni kupakia mchanga kwenye malori, au anaingia kichakani kuchoma makaa. Msichana anapelekwa Nairobi kuwa yaya, au anajikuta Emali, Makindu au Mtito Andei, miji ya Barabara ya Mombasa ambako malori hulala. Anayerudi nyumbani baada ya hapo anarudi na mtoto, au na uchovu, au na tabia ya kutafuna muguka tangu asubuhi. Hao ndio waliotujia.

Falsafa iliyotawala miradi yetu haikuandikwa popote, ila ilitoka katika kila maikrofoni ya baraza: samaki mkunje angali mbichi, udongo uwahi ungali maji. Kwa mtoto wa miaka 5 methali hizo ni za kweli. Kwa kijana wa miaka 17 aliyeketi nyuma akisikiliza, zina ujumbe mwingine, naye anaupata vizuri: wewe umeshakauka. Fomu zetu zilimwambia hivyohivyo kwa lugha ya ofisi. Yatima? Ameacha shule? Anatumia dawa? Ana mtoto? Kila kisanduku kilikuwa kasoro, na kadiri kasoro zilivyozidi ndivyo nafasi ya kuchukuliwa ilivyokuwa kubwa. Vijana si wajinga. Msichana mmoja aliniuliza akiwa ameshika kalamu, uso mkavu kabisa: "Mwalimu, mtoto mmoja anatosha kupata nafasi, ama lazima wawe wawili?"

Swali lile lilinifundisha kuliko semina. Tulikuwa tumewaambia vijana kwamba tunawapenda kwa sababu ya walichokosa, nao wakajipanga kukosa zaidi. Programu ikijengwa juu ya upungufu wa mtu, itamlipa abaki na upungufu wake.

Swali la wakati lilikuja kwa njia nyingine. Mvulana mmoja, hodari wa randa kuliko wenzake wote, alikuja asubuhi kurudisha ovaroli. Nilimhubiria kuhusu subira na cheti cha miaka 2. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, lori halingoji cheti." Sikuwa na jibu, kwa sababu lori hulipa jioni ileile. Kumwahidi mtu kama huyo miaka 2 ni kumsimulia habari za nchi ambayo hajamwona yeyote aliyerudi kutoka huko.

Basi tukapanga upya ratiba, tukianzia na kile kinachoiva. Ndengu ikipandwa mvua inapoanza huvunwa kabla ya mwisho wa Januari, na mnunuzi hukosekana kwa nadra. Kipande cha shamba la chuo chetu kikagawanywa kwa makundi, kila kundi na mistari yake na daftari lake la mauzo. Baada ya ndengu tukafungua kitalu cha mukau.

Msomaji asiye wa Ukambani huenda hajui mukau. Ni mti wa nyika, mbao zake nyekundu hazishikwi na mchwa kwa urahisi, na seremala wa Kitui akiuona uliokomaa moyo humdunda. Shida iko kwenye mbegu. Tunda huliwa na mbuzi, linabaki kokwa gumu. Ukilifukia zima utangoja mpaka uchoke. Njia tuliyofuata ni ile iliyoenezwa na watafiti wa misitu wa kituo cha KEFRI cha Kitui, waliofanya kazi na Wajapani tangu miaka ya 1980. Kokwa linalazwa kwenye kibao chini ya kisu, kisu kinagongwa kwa nyundo ya mti. Pigo likiwa dogo mno, halipasuki. Likizidi, mbegu ndani inapondeka. Ikitoka salama inakatwa ncha, inalowekwa usiku kucha, ganda lake jembamba linachanwa kwa wembe, ndipo inalazwa kwenye mchanga na kufunikwa kwa nailoni.

Mikono iliyozoea sepeto ilianza kwa kuponda tu. Yule mvulana wa lori, ambaye alikuwa amerudi kwa ajili ya ndengu, aligundua kwamba sauti hubadilika mara tu kokwa linapotaka kuachia. Akawa anagonga huku ameinamisha sikio, wenzake wamemzunguka, na mbegu nzima zinatoka moja baada ya nyingine. Miche ikauzwa kwa wakulima, iliyobaki wakaipanda mipakani mwa mashamba ya kwao. Mukau huchukua miaka 12 hadi 15 kutoa mbao nzuri. Aliyekataa miaka 2 ya cheti alikuwa amejipandia miaka 12 bila kuhubiriwa na mtu. Nilichojifunza hapo ni kwamba kesho ya mtu hairefushwi kwa maneno. Hurefushwa kwa kumaliza jambo dogo na kuona faida yake, kisha jambo kubwa kidogo, kisha kubwa zaidi.

Wazo la kufundisha kazi badala ya kungojea ajira ya ofisini si geni Kenya. Mwaka 1966 baraza la makanisa nchini, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na humo zikazaliwa politekniki za vijijini: gharama ndogo, mafunzo yanayofuata mahitaji ya mahali, mwanafunzi anatoka na ujuzi wa kutumia kwao. Mwaka uliofuata Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliahidi vivyo hivyo, lakini shule nyingi zilifundisha useremala bila msumeno. Politekniki nazo zilijikuta zikifukuzia mitihani ya gredi na vyeti, jambo ambalo waasisi wake hawakulikusudia. Wazazi waliotaka vyeti hawakuwa na kosa. Waliona wazi kwamba mtoto wa tajiri anapewa vitabu na mtoto wa maskini anapewa jembe, wakakataa falsafa ambayo wahubiri wake hawakuitumia kwa watoto wao. Ufundi usiobeba fikra ni kibarua kilichopewa jina la heshima, na kijana wa mtoni anakijua kibarua kuliko sisi.

Ndiyo maana tulihitaji kusoma na kuhesabu ndani ya kazi yenyewe. Hapa semina zilinifaa, kwani jina la Paulo Freire wa Brazili halikukosekana. Alipinga elimu inayomfanya mwanafunzi akaunti tupu ambamo mwalimu anaweka maarifa, akataka watu waanze kwa kuyahoji maisha yao. Fikra zake zilifika Kenya miaka ya 1970 kupitia mafunzo ya DELTA ya Anne Hope na Sally Timmel, yaliyoenezwa hasa na Kanisa Katoliki.

Darasa langu bora la hesabu lilifanyika chini ya mgunga, ukingoni mwa mto mkavu. Swali lilikuwa moja: lori la mchanga likifika Nairobi, kila mtu kwenye njia yake amekula kiasi gani? Waliokuwa wakishindwa na sehemu ubaoni waligawanya lori lile barabara kabisa: mpakiaji, dalali, mwenye shamba la kando ya mto, dereva, vizuizi vya barabarani, muuzaji wa mjini. Waliandika kwa mkaa juu ya kipande cha plaiwudi. Fungu la mpakiaji lilipoonekana lilivyo jembamba, kelele zilianza. Ndipo msichana mmoja akachukua mkaa, akaongeza mstari ambao hakuna aliyeufikiria: saa za mama yake kuchota maji. Tangu malori yaanze kuja, kisima cha mchangani kilikuwa kimeshuka hata ndoo ikahitaji kamba. "Na huyu naye," akasema, "analipwa na nani?"

Makueni ilikuwa tayari na sheria ya kaunti ya kuhifadhi na kutumia mchanga, iliyopitishwa mwaka 2015. Wengi wao waliijua kama jina jingine la kukimbizwa na askari. Baada ya siku ile waliisoma kifungu kwa kifungu, wakabishana, wakataka kujua nani hutoa idhini na mapato yanakwenda wapi. Sikuwahi kuona kijana akisoma Kiingereza kigumu cha sheria kwa hamu kama ile.

Lakini kuelewa dhuluma peke yake hakumbadilishi mtu. Wapo walioielewa na kesho yake wakashuka tena mtoni, maana njaa haikuhudhuria darasa. Kilichowashika waliobaki ni jambo la kwanza la Mbiti, na Wakamba wana taasisi yake: mwethya. Ni kazi ya pamoja, leo kwangu kesho kwako, au kwa faida ya wote. Serikali ya kikoloni iliwahi kulazimisha watu wachimbe matuta, wakachukia. Baadaye, kwa hiari yao na hasa kwa mikono ya makundi ya wanawake, matuta yakaenea milima kwa milima. Kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL na wanavijiji wa Kitui walijenga kwa nguvu ya namna hiyo mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa zege na mawe unasimamishwa juu ya mwamba kukata mto wa msimu. Kila mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake ambako jua haliyafikii sana. Kiangazi kikija, watu wanachimba kidogo tu na kuteka.

Kijiji tulichofanya nacho kazi kilipoanza bwawa lake, kiliomba vijana wetu. Waliokuwa wakiutoa mchanga mtoni sasa walikuwa wakibeba mawe ili ubaki. Kamati ilihitaji karani wa kuandika mahudhurio na faini, na hakuna mzee aliyeitaka kazi hiyo kwa sababu inaleta ugomvi. Ikamwangukia kijana aliyewahi kukamatwa kwa wizi wa mbuzi, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Niliona minong'ono. Niliona pia asubuhi alipomzuia mzee wa heshima aliyefika jua limeshachomoza.

"Mzee, umechelewa. Nikuandikie nini?"

Mzee akamtazama, akatazama daftari. "Niandikie faini, mwanangu. Kalamu ni yako."

Tangu hapo kijana yule hakukosa hata asubuhi moja, maana asipofika hakuna kazi ya mtu iliyohesabiwa. Washauri nasaha walikuwa wamezungumza naye mara nyingi kuhusu kujithamini. Alijithamini siku watu wazima walipomngoja wakiwa wamesimama na majembe begani.

Imani yangu nzima kuhusu elimu ya vijana hawa imo humo. Msaada unamfikia mtu na kumwacha palepale mlangoni. Kuhitajiwa kunampa mahali pa kukaa. Elimu inayomhusu kijana aliyetengwa lazima impe kazi ambayo akiiacha kuna mtu mwingine atakayeumia, kisha imfundishe kuifanya vizuri na kuifikiria kwa kina.

Hapo pana hatari, na historia yetu inaionyesha. Katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya Wamumu, Mwea, kwa ajili ya vijana waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau. Geoffrey Griffin na wenzake walifundisha humo ufundi, michezo na skauti, wakawapa vijana majukumu, na wengi wakatoka na kazi. Griffin huyohuyo, pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, alianzisha Starehe mwaka 1959, shule iliyowainua maelfu ya watoto maskini, na baadaye akaongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa. Mbinu zilikuwa nzuri. Ila Wamumu ilikuwa sehemu ya mfumo wa vizuizi, na miongoni mwa makusudi yake ni kumtoa kijana katika mapambano ya watu wake. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama programu inafaulu. Inafaa kuulizwa inataka kijana awe nani, na anayefaidika na mabadiliko yake ni nani. Nimeona miradi yenye fulana nzuri iliyohitaji vijana kwa ajili ya picha za ripoti, na vijana walijua wanahitajiwa kwa lipi.

Wasichana ndio walionifunza kwamba ukimchukua kijana unachukua na watu wake. Kenya ina sera ya kuwarudisha shuleni waliojifungua tangu mwaka 1994, lakini sera haibebi mtoto mgongoni. Katika chumba chetu cha ushonaji mtoto mmoja alilala kwenye katoni ya vitambaa chini ya meza, na mamaye alishona kwa mguu mmoja, mwingine ukiitikisa katoni. Tulipouliza nyumbani kuna nani, tuliambiwa kuna bibi tu, Susu, na mbuzi wake. Tukamwalika. Akaja na jirani yake, wakaketi chini ya mwembe na watoto, malipo yao yakiwa muthokoi wa mchana na mazungumzo. Mahudhurio ya akina mama wachanga yalitengemaa. Baadaye nilipoisoma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 niliona kwamba kipengele kilichozikabidhi kaunti politekniki za vijijini ndicho hichohicho kilichozikabidhi elimu ya chekechea na vituo vya kutunzia watoto. Sheria ilikuwa imeviweka katika mstari mmoja. Bajeti zetu ndizo zilizovitenganisha katika idara mbalimbali.

Wanaopanga miradi mipya mjini Wote, Makueni, au Kitui, wakinialika, nawaomba mambo machache. Mwaka wa mafunzo ufuate mvua, usifuate kalenda ya mfadhili. Awepo mtu mzima mmoja atakayebaki hapo baada ya gari la mradi kuondoka, na mshahara wake uanze kuandikwa kabla ya bei ya kompyuta. Kazi ya kwanza ya kijana iwe ya kitu ambacho kijiji chake kinakitaka. Fomu iulize anaweza nini na nani anamtegemea, halafu ndipo iulize alichokosa.

Sidai kwamba wote walisimama. Wengine wako Nairobi kwenye mjengo, wengine sijui waliko, na yupo aliyerudi kwenye malori na bado ananisalimia kwa kicheko. Lakini maafisa wakinitaka niwape viashiria vya mafanikio, nawaambia waende kijijini siku ambayo kijana mmoja hayupo, wahesabu ni wangapi wanaouliza amekwenda wapi. Kama wanaouliza ni wenye mradi peke yao, fedha zimekwisha na kazi haijaanza.